RX-8 Kufa Mapema: Kenye Huua Injini ya Rotary, na Venye Unafaa Kuizoesha Ikiwa Mpya

Jumamosi saa nne asubuhi. Umeacha RX-8 yako car wash, umeenda kutafuta smokie pasua hapo kando. Kijana wa kuosha anaiwasha, anaisongesha mita tatu iingie kwa kivuli, anazima. Nusu saa baadaye unarudi, ndai inang'aa kama kioo, unapiga stata. Inazunguka tu. Haishiki. Unapiga tena, hakuna kitu. Mbogi ya car wash inaanza kukupa pole, na hapo kando hakukosi mzee wa kusema hizi gari za rotary zina laana.

Hakuna laana hapo. Injini ilikuwa baridi, kompyuta ya gari ikamwaga petroli mingi ndio iwake, halafu ikazimwa kabla hiyo petroli ichomeke. Sasa imekaa ndani ikiosha oili kwenye kuta. Bila oili, ndani hamkamatani vizuri, kompresheni inashuka, gari haiwaki. Mafundi wanasema imefladi. Kwa Demio ya beshte yako hiyo ni kitu ya kusahau. Kwa rotary, ukiirudia kila wiki, unapunguza siku za injini.

Kama uko na RX-8, ama unaisaka soko la mitumba, ama umetoka kuifanyia ovahol juzi na hujui uiendeshe aje, soma mpaka mwisho kabla utumie doo nyingine. Injini ya pili inauma mfuko kuliko ya kwanza, juu ya pili unajua ungeokoa.

Rotary ni nini hasa?

Injini ya kawaida iko na pistoni zinapanda na kushuka, valvu zinafunguka na kufunga, na kamshafti ya kuzipanga. Rotary haina hata moja ya hizo. Iko na rota: chuma ya pembe tatu, pande zimevimba kidogo kama mandazi iliyoiva vizuri. Hiyo mandazi inazunguka ndani ya hauzingi yenye umbo la namba nane iliyonenepa. Kila upande wa rota unatengeneza chumba chake. Chumba kinavuta hewa na petroli, kinabana, kinachoma, kinatoa moshi, vyote kwa mzunguko mmoja. RX-8 iko na rota mbili.

Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Kwa hivyo ukiona sindano imegonga 9,000 rpm kwa ile RX-8 ya gia za mkono yenye nguvu zaidi, rota zenyewe zinazunguka 3,000. Ndio maana inalia tamu hivyo na haitetemeki.

Sasa kuna hii maneno ya "1300cc tu, haikunywi". Wauzaji wanaipenda sana. Ni kweli kwa karatasi injini ni 1308cc, yaani 654 mara mbili. Lakini hiyo hesabu ni ya chumba kimoja kwa kila rota, na kila shafti ikizunguka mara moja, kila rota inachoma mara moja. Injini ya pistoni inahitaji mizunguko miwili kuchoma silinda zake zote. Ukilinganisha hewa inayopita, hiyo 1308 inafanya kazi kama injini ya 2600cc. Japani yenyewe, kwa ushuru wa gari wa kila mwaka, huzidisha cc ya rotary kwa 1.5. Kwa hivyo kama bajeti yako ya mafuta ni ya Vitz, buda, nunua Vitz.

Kitu ya kukariri ni sili za ncha. Kila pembe ya rota iko na kipande chembamba cha chuma kinachoteleza kwenye ukuta wa hauzingi, kimesukumwa na springi kutoka nyuma. Tatu kwa kila rota, sita kwa RX-8, na kila moja ina unene wa milimita 2. Hizo ndizo ringi za rotary. Ziko na kazi ngumu juu pembe yao dhidi ya ukuta inabadilika kila saa, na hazilali ndani ya oili kama ringi za pistoni. Oili inaletewa: kuna pampu ndogo inachota kidogo kutoka sampu na kuidunga moja kwa moja ndani ya chumba, ichomeke pamoja na petroli.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Rotary imetengenezwa ikule oili. Ikiwa haipunguzi oili kabisa, hapo ndio uanze kujiuliza.

Shida ya kufa mapema haikuanza na RX-8

Injini hii ni wazo la Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ya majaribio iliwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Miaka kumi baadaye, 1967, NSU wakatoa gari inaitwa Ro 80. Ilikuwa mbele ya wakati wake mpaka 1968 ikapewa taji la gari la mwaka huko Ulaya. Halafu sili za ncha zikaanza kuisha. Wateja wanarudi na gari bado mpya, NSU wanabadilisha injini kwa waranti, wanabadilisha tena. Kuna stori maarufu kwamba wenye Ro 80 wakipatana barabarani walikuwa wanainuliana vidole, kila kidole ni injini moja umebadilishiwa. 1969 NSU ikamezwa na kundi la Volkswagen, na bili za waranti zilichangia pakubwa kuwafikisha hapo.

Mazda walinunua ruhusa ya kutengeneza rotary kutoka NSU 1961. Kazi wakampa mhandisi Kenichi Yamamoto na timu ya watu 47 huko Hiroshima. Injini zao za kwanza walizipasua wakapata mistari imechorwa kwenye ukuta wa hauzingi, kama mtu amekwaruza na makucha. Wakaiita kucha za shetani. Sili zilikuwa zinatetemeka badala ya kuteleza. Walihangaika mpaka wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na aluminiamu, na 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni.

Halafu 1991, Mazda 787B yenye rota nne ikashinda mbio za Le Mans, masaa 24 ya kukanyaga moto mchana na usiku. Ilikuwa gari ya kwanza kutoka Japani kushinda hapo. Ukiambiwa rotary hufa juu ya kupigwa rpm za juu, kumbuka hiyo. Ile ya mtaani hufa kwa vitu vingine, na vingi vinatokea gari ikiwa inaenda polepole ama imeegeshwa.

RX-8 ilikuja 2003, na mwaka huo huo injini yake, Renesis, ikashinda taji la injini ya mwaka ya kimataifa. Mazda walikuwa wamehamisha milango ya moshi kutoka ukuta wa nje wa hauzingi wakaiweka pembeni, ndio moshi uwe safi na mafuta yapungue. Ilifanya kazi. Lakini masizi yakapata pa kukaa karibu na sili za pembeni, na kila rota ilikuwa na sehemu mbili tu za kudungia oili. Injini nyingi zikachapa mapema mpaka huko Marekani Mazda wakaongeza waranti ya injini kwa gari za 2004 hadi 2008 ikafika miaka 8 ama maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000. Kampuni haiongezi waranti hivyo kwa sababu ya roho safi. Toleo la 2009 likaja na sehemu tatu za kudungia oili kwa kila rota badala ya mbili.

Uzalishaji ulikwisha 2012. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hakuna RX-8 nyingine ya kawaida inatoka Japani kuja huku. Zile ziko ndizo ziko. Ukisikia mtu anasema yake iko na "injini mpya", anamaanisha imefunguliwa na kufungwa upya, ama ametoa nyingine ya ex-Japan iliyokuwa imelala dukani. Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Injini ya ex-Japan kama haijapimwa kompresheni ni bahati nasibu.

Kenye huiua

Ya kwanza ni oili, na ni ya kijinga zaidi. Msee anazoea Toyota, service moja mpaka nyingine haguzi dipstiki. Rotary inachoma oili kila siku, sampu inashuka, joto linapanda, na siku moja pampu inavuta hewa kwa kona. Angalia oili kila ukijaza tenki. Beba lita moja kwa buti. Tumia grade iliyoandikwa kwa kitabu cha gari, usikubali kuambiwa "weka hii nzito itaziba". Nzito haizibi sili ya ncha, inachelewa tu kufika asubuhi.

Ya pili ni koili. RX-8 iko na plagi nne, mbili kwa kila rota, na kila plagi na koili yake. Koili zinachoka mapema, mara nyingi kabla ya kilomita 50,000 kuisha, na hazifi ghafla. Zinadhoofika polepole, gari inapoteza nguvu kidogo, unazoea. Wakati huo petroli ambayo haikuchomeka inaenda kuchomekea kwa katalisti ya ekzosi. Katalisti inayeyuka, inaziba, moshi moto unarudi nyuma, na sili zinapikwa. Mtu anakuja kulia injini imekufa, na kitu ilianza shida ni koili ambayo ingebadilishwa kwa nusu saa. Ukibadilisha, badilisha zote nne pamoja na plagi. Na plagi za juu na za chini hazifanani, mwangalie fundi wako asizichanganye.

Joto nalo linaua kimya. Injini ya rotary ni kama sandwichi: vipande vitano, viwili vya aluminiamu na vitatu vya chuma, vimekazwa pamoja na bolti ndefu, na katikati kuna mipira ya kuzuia maji. Ikichemka mara moja vizuri, aluminiamu na chuma zinatanuka tofauti na ile mipira inaachia. Hapo maji yanaingia kwa chumba. Ubaya ni kwamba geji ya joto ya RX-8 inadanganya kwa upole. Sindano inakaa katikati hata joto likipanda sana, ikianza kusonga umeshachelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinachosoma namba halisi kwa simu. Ukiona nyuzi 110 na zinapanda, simama, hata kama ni katikati ya Waiyaki Way na matatu zinakupigia honi.

Jam ya Nairobi inaleta masizi. Ukienda kazi kilomita nne, rpm 1,500, gia ya pili, breki, simama, kila siku, masizi yanajikusanya na kufanya sili zigande kwenye nafasi zao. Ndio maana wenye rotary husema ipige mpaka juu mara moja kwa siku. Ushauri ni wa kweli, lakini unahitaji injini iwe imepata joto kamili, na isiwe mpya. Wasee wengi husahau hiyo nusu ya pili.

Na petroli chafu. Rotary ikigonga, ule mlio wa kengele ndogo ukikanyaga, sili inaweza kuvunjika saa hiyo hiyo. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa ndio inaleta hiyo. Tangu 2018 mafuta taa ikawekewa ushuru wa Sh18 kwa lita ya kupambana na huo mchezo, lakini bado jaza mahali unapaamini na usikimbilie kituo hujui juu ya shilingi mbili.

Na ile ya car wash? Usizime injini ikiwa baridi. Ukiiwasha, iache mpaka ipate joto, hata kama ulikuwa unaitoa tu kwa geti. Ikifladi, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, ishikilie hapo, piga stata kwa sekunde kama kumi, pumzisha, rudia. Ukiwa umekanyaga hivyo kompyuta inakata petroli, na hewa inakausha ndani. Ikianza kukohoa, achilia polepole. Betri ikiwa dhaifu usijisumbue, tafuta ya kusaidia kwanza. Ikikataa kabisa, plagi zinatolewa na vyumba vinakaushwa.

Kuzoesha injini mpya

Hapa ndio watu wanagawanyika, na kila fundi ana dini yake. Anza na kile Mazda wenyewe wanaandika kwa vitabu vyao. Hawaiti sayansi kubwa. Kwa kilomita 1,000 za kwanza wanataka usipige injini rpm za bure, usikae kwa kasi moja muda mrefu iwe ya polepole ama ya juu, usikanyage mpaka chini kwa muda mrefu, usiondoke kwa kishindo, na usipige breki za ghafla bila sababu. Hiyo ni kwa injini ya kiwandani, yenye hauzingi mpya na sili mpya.

Injini yako ya ovahol ni tofauti kidogo. Mara nyingi hauzingi ni ile ya zamani, na ukuta wake uko na mikwaruzo na mawimbi yake ya miaka kumi. Sili mpya ni nyoofu. Lazima sili ijisugue mpaka ifanane na ukuta huo. Kabla ifike hapo, kompresheni iko chini, na gari inaweza kusumbua kuwaka siku za kwanza. Usipanike. Ukiona moshi mweupe dakika za kwanza pia ni kawaida. Fundi wengi hushikilia sili na Vaseline wakati wa kufunga, na hiyo yote inachomeka. Moshi ukiendelea siku ya pili, hapo sasa ongea naye.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, injini izungushwe na stata bila petroli mpaka oili ifike kila mahali. Hewa yote itolewe kwa mfumo wa maji. Halafu iwashwe, iachwe ipate joto kamili ikiwa imesimama, watu wakiangalia chini kama kuna kitu inavuja. Izimwe, ipoe, maji na oili viangaliwe tena. Fundi anayekupatia funguo dakika tano baada ya kuiwasha anakuharakisha juu anataka kufunga siku.

Kwa kilomita 500 za kwanza, mafundi wengi wa rotary wanataka ukae chini ya 4,000 rpm hivi. Lakini hiyo "chini ya 4,000" ndio inaharibia watu. Msee anasikia hivyo anaamua kuendesha kama amebeba mayai, gia ya tano, 1,800 rpm, anapanda mlima amekanyaga. Hiyo inaitwa kuikaba injini, na ni mbaya kuliko kwenda 4,500. Rota inasukumwa kwa nguvu nyingi wakati inazunguka polepole, sili zinapigwa, na oili inayodungwa ni kidogo. Shuka gia. Iache izunguke kati ya 2,500 na 3,800, mguu mwepesi, ipande na kushuka.

Neno muhimu ni kupanda na kushuka. Sili zinakaa vizuri ukibadilisha mzigo: kanyaga kidogo, achilia, iache gari ijivute yenyewe kwa gia, kanyaga tena. Ukiachilia mafuta, injini inavuta ndani na oili inaenea, halafu inapoa kidogo. Kwa hivyo usichukue gari imetoka ovahol Ijumaa ukaipeleka Mombasa Jumamosi. Masaa sita kwa 100 kilomita kwa saa, gia ile ile, rpm ile ile, ndio kitu hutaki. Kupanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori pia achana nayo kwanza. Barabara nzuri ni ya vilima vidogo isiyo na jam: Jumapili asubuhi kwenda upande wa Kiambu ama Limuru, saa moja ya kwenda na kurudi, halafu nyumbani, bonneti juu, angalia maji na oili. Fanya hivyo mara kadhaa na hizo 500 zitaisha bila ujue.

Wengi huongeza oili kidogo ya tu-stroki kwa tenki wakati huu, ile ya kuchomeka safi ya pikipiki, ndio sili zipate ulaini wa ziada. Kiasi ni kidogo sana, kama mililita 200 kwa lita 50 za petroli. Kuna wanaoendelea nayo maisha yote ya gari na kuna wanaosema pampu inatosha. Kwa injini inayozoeshwa, naona haina hasara. Ukimwaga nusu lita ukidhani unasaidia, unachafua plagi tu.

Kilomita 500 zikifika, badilisha oili na filta. Oili itatoka na vumbi la chuma laini, hiyo ndiyo sili na ukuta vikizoeana. Kutoka hapo mpaka 1,000, ongeza polepole: 5,000 leo, 5,500 wiki ijayo, kwa muda mfupi tu na injini ikiwa moto. Badilisha oili tena kwa 1,500. Baada ya hapo ndio ile ya kuipiga mpaka juu mara moja kwa siku inaanza kukuhusu, na sasa hata ni lazima.

Wakati huu wote kuna kitu kimoja usimpe mtu yeyote: funguo. Si ndugu yako, si kijana wa car wash, si beshte anayetaka "kuonja tu". Kwa car wash isongeshe mwenyewe, ama waisukume.

Kupima kompresheni, na ile hesabu ya Nairobi

Ukinunua, na hata baada ya kuzoesha, kitu cha kuuliza ni kompresheni. Geji ya kawaida ya fundi wa pistoni haitoshi. Kila rota iko na vyumba vitatu, na geji ya kawaida inashika kile cha juu zaidi tu. Sili moja ikiwa imevunjika, haikuonyeshi. Unataka mashine ya rotary inayotoa namba tatu kwa kila rota, na speed ambayo stata ilikuwa inazungusha.

Kwa Renesis, kiwango cha Mazda ni 830 kPa kwa injini nzuri, na mwisho ni 680 kPa, stata ikizungusha 250 rpm. Vyumba vya rota moja visipishane zaidi ya 150 kPa, na rota mbili zisipishane zaidi ya 100.

Hapo kuna mtego ambao umeuza injini nzuri kwa bei ya mbovu. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa yetu ina presha kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Zidisha 830 mara 0.82 upate kama 680. Injini nzuri kabisa ikipimwa Industrial Area inaweza kusoma namba ambayo kitabu kinaita kaburi. Mtu asiyejua anakwambia imekwisha, toa laki kadhaa. Kwa hivyo muulize anayepima kama amerekebisha kwa urefu wa mahali na speed ya stata. Akikuangalia kama umeongea Kijapani, tafuta mwingine. Pia uliza kama stata ilibadilishwa: stata mpya yenye nguvu inafanya injini iliyochoka iwake vizuri mbele ya mnunuzi. Njia rahisi ya kumnasa muuzaji ni kuendesha gari mpaka ipate joto, kuzima, kungoja dakika kumi, na kuwasha tena. Kompresheni ikiwa imeenda, rotary inakataa kuwaka ikiwa moto kabla ianze kukataa ikiwa baridi.

Mazda wenyewe walirudisha rotary 2023 kwa MX-30 R-EV. Ni rota moja ya 830cc ambayo haisukumi magurudumu, inachaji betri tu, na sili zake za ncha wamezifanya milimita 2.5 badala ya 2. Hiyo nusu milimita imechukua miaka ishirini tangu RX-8 itoke.

Yako ikifika kilomita 1,500 baada ya ovahol, ipimwe tena, vyumba vyote sita, na uandike namba, tarehe na mahali ilipimwa kwa karatasi ukae nayo ndani ya gari. Mwaka ujao utapima mahali pale pale na utajua kama imeshuka ama ni fundi anatafuta kazi.